Laki moja ya nani? Uzi kuhusu mishahara ya watu wa thelathini na kitu, kutoka Kisumu

UZI. Leo ni mishahara. Wanaojua ukurasa huu wanajua masharti yake: hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Ukileta jina kwenye maoni nitakupita kama matatu iliyojaa.

Kuna sentensi ambayo haikosi siasa ikianza kuchemka. Utaisikia kwa redio asubuhi, utaisikia Kondele watu wakisoma magazeti ya bure, utaisikia jukwaani: "Hawa wanalipwa vizuri, mbona kila siku wanalia?" Anayeisema huwa na nambari. Ya daktari, ya mwalimu, ya mhadhiri. Umati unashtuka, kwa sababu wengi waliosimama pale hawajawahi kushika pesa kama hiyo kwa mwezi mmoja. Kufikia jioni nambari imezunguka kila kikundi cha WhatsApp.

Mara nyingi nambari yenyewe ni ya kweli. Lakini nambari ya mshahara ikisimama peke yake haikuambii kitu, na wanaopigwa nayo zaidi ni wale wa kati ya miaka 30 na 39. Nitaeleza kwa nini wao.

Chukua darasa la kidato cha nne la 2009, shule yoyote ya upande huu wa ziwa. Ni darasa la kufikirika, lakini ukisoma utamtambua mtu. Leo wana miaka 34 au 35. Walimaliza vyuo wakati kaunti zimeanza tu, 2013 kwenda mbele, kwa hivyo ni kati ya wa kwanza kuomba kazi kwa serikali mbili badala ya moja. Mmoja ni mwalimu wa sekondari Nyakach. Mmoja ni muuguzi, yuko Russia. (Wageni: Russia ni ile hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Jina lake rasmi ni la mwanasiasa, na masharti ya uzi yananibana.) Mwingine ni muuguzi pia, vyeti vilevile, lakini aliingia kwa mkataba. Kuna mhandisi wa kiwanda cha sukari, mhadhiri wa kulipwa kwa somo, mhasibu wa kampuni binafsi pale mjini, na yule aliyekuwa na mradi wa ukimwi, ambaye kwa miaka kumi kila harusi ilimweka kwenye kamati ya fedha.

Hao wote wako kwenye kikundi kimoja cha WhatsApp. Na wote, mtu akiwauliza wanalipwa ngapi, wanajibu nambari ambazo haziwezi kulinganishwa.

Tuanze na mhasibu, yeye ni rahisi. Analipwa laki moja. Hiyo laki ndiyo kipimo chetu cha kitaifa cha mtu aliyefaulu, sijui nani aliamua. Lakini laki ni mshahara wa jumla, kabla ya makato. Tupige hesabu.

Januari 2023, mtu wa laki moja alikatwa NSSF shilingi 200. Ndiyo, mia mbili. NHIF ilikuwa 1,700. Kodi ya mapato ilikuwa kama 22,070 baada ya nafuu zote. Mkononi alibaki na kama 76,000.

Mtu huyohuyo, laki ileile, Februari 2026: NSSF 6,000. SHIF, ambayo iliingia mahali pa NHIF Oktoba 2024 kwa asilimia 2.75, ni 2,750. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ni 1,500. Kodi ya mapato imeshuka kidogo, kama 19,300, kwa sababu tangu mwisho wa Desemba 2024 SHIF na ushuru wa nyumba hutolewa kwanza kabla kodi haijapigwa. Mkononi: kama 70,400.

Miaka mitatu, hajaongezwa hata ndururu, na kila mwezi ana kama 5,600 pungufu. Na hapo sijagusa bei ya unga.

Sasa angalia vile hesabu moja inazaa hotuba mbili. Wa upande huu atakuambia, "Wamekula mshahara wako." Wa upande ule atakuambia, "Tumekuongezea akiba." Kila mmoja ameshika nusu. Pengo kubwa kabisa kwenye hiyo slipu ni NSSF, kutoka 200 hadi 6,000, na hiyo ni pesa yako ya uzeeni, na mwajiri anaweka 6,000 nyingine juu yake. Haijaliwa. Viwango hivyo viko kwenye sheria ya 2013 iliyokwama mahakamani karibu miaka kumi, ikaanza kutekelezwa Februari 2023, na ikawa inapanda kila Februari. Lakini pia ni kweli kwamba ukiwa na miaka 34, mtoto wa kwanza anaingia shule na mama yuko nyumbani na sukari, akiba ya kuchukua ukiwa na 60 hailipi karo ya Jumatatu. Ushuru wa nyumba ni hadithi tofauti: ulianza Julai 2023, mahakama ikasema una kasoro, ukasimama kidogo mwanzoni mwa 2024, ukarudi na sheria yake Machi. Huo si akiba yako. Huwezi kuuchukua ukistaafu.

Kuna kitu kingine hapo ambacho hakisemwi jukwaani. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Theluthi moja lazima ibaki. Watu wa thelathini na kitu ndio wenye mikopo ya sacco. Ploti ya Mamboleo, gari dogo, nyumba ya kule nyumbani. Wengi walikopa 2021 na 2022 hadi kwenye ukingo wa hiyo theluthi. Makato mapya yalipokuja, ukingo ukasogea na mkopo ukabaki palepale. Ndiyo maana mwalimu wa miaka 36 anaweza kuwa na mshahara wa kusifiwa na bado aombe nauli tarehe kumi na mbili. Ukimcheka, cheka ukijua.

Tukiwa bado kwa makato, kuna mstari wa umri ambao watu wachache wanaujua. Januari 2021 serikali ilianzisha mfuko mpya wa pensheni kwa watumishi wake, walimu wakiwemo. Waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa kwa lazima. Waliozidi hapo walipewa hiari ya kubaki kwenye mpango wa zamani, ambao serikali ndiyo inaubeba. Mchango wa wa mfuko mpya ulianza asilimia 2 ya mshahara wa msingi, mwaka uliofuata ukawa 5, kisha 7.5. Serikali inaweka asilimia 15. Mpango mzuri, mimi binafsi naona bora huu wenye pesa halisi kuliko ahadi. Lakini matokeo yake ni kwamba ndani ya chumba kimoja cha walimu, wawili wa daraja moja, mshahara wa msingi uleule, mwenye 52 anaenda nyumbani na zaidi kuliko mwenye 35. Halafu mzee anashangaa, "Nyinyi vijana pesa mnapeleka wapi?"

Haya. Hayo ni makato. Sasa tuje kwa kitu kinachogawa darasa letu la 2009 kuliko kodi, nacho ni masharti ya kazi.

Wauguzi wetu wawili. Diploma ileile, leseni ileile, mgonjwa yuleyule. Mmoja ana ajira ya kudumu na pensheni. Mwenzake aliingia 2020, wakati wa korona, serikali kuu ilipochukua maelfu ya wahudumu wa afya kwa mkataba wa miaka mitatu chini ya mpango wa afya kwa wote na kuwatawanya kaunti zote. Kisumu tunaujua mpango huo vizuri, maana ulizinduliwa hapahapa tarehe 13 Desemba 2018, sisi na Machakos, Nyeri na Isiolo tukiwa wa majaribio.

Mkataba wa miaka mitatu ukaisha, ukasukumwa mbele, ukasukumwa tena. Wa mkataba hana daraja la kupanda. Hana pensheni inayojengeka. Akienda benki na slipu yake, afisa wa mikopo anaangalia tarehe ya mkataba kuisha kabla hajaangalia mshahara, na mkopo wake hauwezi kuvuka tarehe hiyo. Kwa hivyo hata kama siku ya kwanza pengo la mshahara kati ya hawa wawili lilikuwa dogo, baada ya miaka mitano mmoja amepanda daraja na kuweka msingi wa nyumba, na mwingine yuko pale alipoanzia na anapanga chumba Manyatta. Ukiwauliza "Muuguzi analipwa ngapi?" utapata majibu mawili ya kweli yanayopingana.

Mwaka 2025 hawa wa mkataba walikesha siku nyingi nje ya Afya House, Nairobi, wakidai masharti ya kudumu na mshahara sawa na wenzao. Mwaka huohuo wakahamishiwa kaunti. Sasa sikiliza mjadala ulivyoenda. Serikali kuu: afya imegatuliwa, hawa ni wa kaunti. Kaunti: leteni na pesa zao, na kiinua mgongo cha miaka waliyowafanyia kazi. Mpira ukapigwa huku na kule kwa muda mrefu, na mpira wenyewe ulikuwa mtu wa miaka 33 mwenye watoto wawili.

Na kaunti hazisemi hivyo kwa ubaya tu. Kuna kanuni ya 2015 ya usimamizi wa fedha inayotaka mishahara ya kaunti isivuke asilimia 35 ya mapato yake, na kaunti nyingi zimeshavuka. Ukimwajiri mtu kwa kudumu umejifunga naye hadi astaafu. Ukimchukua kwa mkataba una mlango wa nyuma. Ndiyo maana kila gavana, awe wa mrengo gani, ataona mkataba unapendeza. Hapa ndipo naomba mtu yeyote anayesema "punguza mzigo wa mishahara" aeleze anapunguza nini hasa: idadi ya watu, au haki za wale wapya tu? Kwa sababu kwa miaka kumi iliyopita njia rahisi imekuwa ya pili. Hakuna aliyewagusa waliokuwa ndani. Waliokuja nyuma yao ndio walipewa masharti mengine.

Mfano mkubwa zaidi ni wa madaktari wanagenzi. Mgomo wa siku 56 wa 2024 mnaukumbuka. Makubaliano ya 2017, yaliyotoka kwenye ule mgomo mwingine wa siku mia, yalifikisha malipo ya mwanagenzi wa udaktari kwenye shilingi 206,400. Serikali ikasema haiwezi, itatoa 70,000. Jukwaani ikawa, "Mwanafunzi anataka laki mbili!" Watu wakapiga makofi. Lakini mwanagenzi wa udaktari si mwanafunzi, amemaliza miaka sita ya chuo, na usiku wa manane ndiye anayekupokea. Na jambo ambalo halikusemwa ni hili: ukishusha wa chini hadi 70,000, umepata kipimo kipya cha kuwapimia wa juu yake. Wanagenzi wengi wako miaka ya ishirini na kitu. Mwenye 34 alijua nambari hiyo itamfikia, na ndiyo sababu aligoma nao. Mwisho wa Desemba 2024 makubaliano yakapatikana.

Wengine mtauliza, kwani nani anaamua haya yote? Kwa watumishi wa umma kuna Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, iliyoundwa na kifungu cha 230 cha Katiba. Kwa maafisa wa ngazi ya juu wa serikali, SRC inaweka mshahara yenyewe. Kwa wengine wote inashauri. Kwa hivyo ukisikia mwanasiasa anasema "nitawaongezea mshahara", jua kuna meza nyingine ambayo hajaitaja: mwajiri, chama cha wafanyakazi, SRC, na Bunge la kutenga pesa. Anaweza kusukuma. Hawezi kuamka asubuhi akaongeza.

Turudi kwa kikundi chetu cha WhatsApp. Yule wa mradi.

Kwa miaka mingi yeye ndiye alikuwa juu. Upande huu wa ziwa, yaani Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, ndio umebeba mzigo mkubwa wa ukimwi nchini, na tangu 2003 pesa nyingi ya Marekani ilipita hapa: kliniki, maabara, utafiti, takwimu, madereva, wahamasishaji wa vijijini. Matabibu na wauguzi wengi wazuri waliacha kaunti wakaenda miradi kwa sababu mshahara ulikuwa mkubwa kwa kazi ileile. Kwenye mijadala ya mishahara, wao ndio walikuwa wanatajwa: "Mbona NGO inaweza kulipa na kaunti haiwezi?"

Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada ya nje. Barua za kusimamisha kazi zikafika ndani ya siku chache. Watu wa miaka 35, 38, wenye nyumba za kupanga Milimani na watoto shule za binafsi, walijikuta bila kitu kabla ya Pasaka. Kandarasi zao zilikuwa za mwaka mmoja mmoja, zikihuishwa kila ufadhili ukija. Mshahara ule mkubwa ulikuwa umebeba ndani yake bei ya hatari hiyo, ila hakuna aliyeisoma hivyo. Sisi wengine tuliona gari tu.

Sasa linganisha tena. Mwalimu wa Nyakach, ambaye miaka yote alikuwa anaitwa "pole" kwenye kikundi, mwezi wa pili alikuwa ndiye anayetuma karo ya mtoto wa mwenye mradi. Ukipima mshahara wa Desemba 2024 utasema mradi ni bora mara mbili. Ukipima miaka mitano kwa pamoja, jibu linakuwa lingine.

Mahali nako kuna mambo yake, nitapita haraka. Posho ya nyumba ya walimu kwa miaka mingi imegawanywa kwa maeneo: Nairobi juu peke yake, kisha Kisumu, Mombasa, Nakuru, Eldoret na miji kama hiyo, kisha manispaa za zamani, kisha kwingine kote. Kwa hivyo wa Kisumu mjini na wa Nyakach, daraja moja, hawapati sawa. Wa visiwani, tuseme Mfangano, ana posho ya mazingira magumu, na ukimwonea wivu chukua boti siku ziwa limechafuka uje tuongee. La kuchekesha ni kwamba agizo la kima cha chini cha mshahara linaiweka Kisumu kundi moja na Nairobi. Mlinzi wa Kisumu kisheria anastahili sawa na mlinzi wa Nairobi, lakini mwalimu wa Kisumu hapati posho ya nyumba ya mwalimu wa Nairobi. Nani alipanga hivi? Meza mbili tofauti ambazo hazikuulizana.

Halafu kuna swali ambalo mimi huliona kubwa kuliko "ngapi", nalo ni "lini".

Mhandisi wetu wa sukari ana barua ya ajira yenye mshahara mzuri kabisa. Wafanyakazi wa viwanda vya sukari vya serikali, Chemelil na Muhoroni wakiwemo, wamekaa na malimbikizo ya mishahara kwa miaka, si miezi. Mwaka 2025 viwanda vinne, hivyo viwili pamoja na Nzoia na Sony, vilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30, na malimbikizo yakawa ndiyo mjadala wenyewe: nani analipa deni la nyuma? Ukisema jukwaani "mhandisi wa kiwanda analipwa hivi", unasoma barua. Benki yake inasoma kitu kingine.

Wahadhiri nao. Mgomo wa vyuo vikuu vya umma ulioanza Septemba 2025 na kuisha mapema Novemba, siku 49, haukuwa wa kuomba nyongeza mpya. Sehemu kubwa ilikuwa shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya 2017 hadi 2021. Fikiria hapo. Mhadhiri aliyeajiriwa akiwa na miaka 29 alikuwa anadai pesa ya kazi aliyoifanya hadi akafika 37. Ikaamuliwa ilipwe kwa awamu mbili, nyingine ikasukumwa hadi Julai 2026. Pesa ya 2018 ikilipwa 2026 si pesa ileile. Uliza mtu yeyote anayenunua simiti. Na huyo ni mhadhiri wa kudumu. Wa kulipwa kwa somo, kama yule wa darasa letu, anafundisha muhula huu na kusubiri malipo wakati ambao wanafunzi wake wameshahitimu.

Kaunti zenyewe zikicheleweshewa mgao kutoka Nairobi, mishahara inachelewa mwezi, mingine miwili. Sacco haicheleweshi riba. HELB haicheleweshi faini, ambayo ni shilingi 5,000 kwa kila mwezi uliokosa. Kwa hivyo mtu wa 60,000 inayoingia tarehe 28 bila kukosa anaweza kuwa na maisha tulivu kuliko wa 80,000 inayoingia ikitaka. Kwa wanaopenda hesabu: 60,000 ya kampuni binafsi leo, baada ya NSSF, SHIF, nyumba na kodi, ni kama 45,300 mkononi.

Kabla mtu hajaandika "na kodi ya ukoo je?", najua. Karo ya ndugu wadogo, dawa ya mzee, mchango wa matanga kila Ijumaa kwa kikundi kipya. Watu wa thelathini na kitu wako katikati kabisa, wazazi juu na watoto chini. Wengine watasema hiyo ni mila, si siasa. Nusu ni siasa. Serikali imejipangia kutoa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari, na pesa hiyo ikichelewa au ikifika pungufu, mwalimu mkuu anaandika barua kwa mzazi, na mzazi anampigia simu mtoto wake aliye na slipu. Kwa hivyo hata pengo la bajeti ya elimu linaishia kwa mshahara wa mtu fulani pale Kisumu, na haliandikwi popote kwenye makato yake.

Sasa, sheria inasema nini kuhusu hawa wa kazi moja malipo mawili? Inasema wazi. Katiba, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Sheria ya Ajira, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi ya thamani sawa. Kuandikwa kumeandikwa. Tazama kilichotokea kwa walimu wa sekondari msingi.

Kuanzia 2023 TSC ilichukua maelfu ya walimu wenye digrii na usajili kamili na kuwaita wanagenzi. Malipo yalikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wengi hawakuwa vijana wa juzi; kuna waliohitimu wakakaa miaka saba, nane, wakifundisha kwa vibarua vya bodi za shule, kwa hivyo "mwanagenzi" alikuwa mtu wa miaka 33 anayefundisha masomo manne. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikasema TSC haina mamlaka ya kuajiri walimu waliosajiliwa kama wanagenzi, na kwamba ni kinyume cha haki zao za kazi. TSC ikakata rufaa. Januari 2025 wale wa kwanza, kama 46,000, wakaingia ajira ya kudumu, na mshahara wao ukaruka zaidi ya mara moja na nusu bila mtu kufundisha hata kipindi kimoja zaidi.

Mwezi huohuo wa Januari 2025, wanagenzi wengine 20,000 walichukuliwa.

Kwa hivyo akija mtu na kipaza sauti aseme "tumeajiri walimu elfu kadhaa", swali la kwanza kutoka chini liwe kwa masharti gani. La pili, kuanzia tarehe gani.

Maoni yako wazi. Mkituma slipu, futeni jina na nambari ya kitambulisho kwanza. Na mwenye slipu ya kaunti ya miezi mitatu iliyopita yenye tarehe halisi ya pesa kuingia benki, hiyo nitumie kwa faragha. Uzi ujao ni wa ile asilimia 35 na namna kaunti zinavyoihesabu.